Taa ya Mnivata

Huwaka Mnivata.
Si Naliendele, si mjini mbele ya watu.
Mnivata, pale ninapoanza kusahau
kwamba gari si jipya na mimi si tajiri,
kanachomoza kwenye dashibodi
kapicha ka injini, rangi ya bibo,
hakana mlio, hakana haraka,
kama mdai aliyekuja akaketi barazani
akasema tu, "Nipo."

Fundi Mchopa wa Mkanaledi alifungua boneti,
akainamisha sikio kama mkunga.
"Plagi," akasema.
Nikanunua plagi nne. Ikazima.
Nikamwombea dua yeye na wanawe.
Mnivata, ikawaka.

Hokororo wa Chuno ana kimashine cha kusomea.
Alikichomeka chini ya usukani,
kikatoa herufi moja na tarakimu nne,
akaziandika kiganjani.
"Sensa hiyo. Kama si sensa, basi masega.
Kama si masega, basi mafuta ya huko unakojaza."
Kila *basi* ilikuwa na bei yake.
Kusoma, elfu thelathini. Kufuta, elfu kumi.
Na kufuta, nilikuja kuelewa,
ni kulipa deni kwa kuchana daftari.

Mdogo wangu Mfaume akaleta plasta ya kidonda.
"Bandika hapo dada, ulale."
Nikabandika.
Usiku, narudi kutoka Tandahimba, peke yangu,
taa ikapenya plasta,
nyekundunyekundu,
kama kidole kilichozibia tochi.

Gari lenyewe halikuwa na neno.
Lilipanda, lilishuka, lilibeba magunia matatu na shangazi.
Labda lilikunywa kidogo kuzidi zamani.
Nani hanywi.

Mimi ni karani wa mizani.
Msimu mzima nasoma namba kwa sauti,
na watu wanatazama midomo yangu, si mshale.
Mama mmoja wa Kitama, kilo zake arobaini na mbili,
aliwahi kuniuliza, bila ugomvi, huku akifunga kanga:
"Na hiyo mizani ikikosea, mwanangu,
inawaka taa wapi?"
Nilicheka.
Nikaandika arobaini na mbili.
Nikarudi nyuma, nikapima tena.

Jumamosi akaja mnunuzi, Bwana Likwata,
na bahasha ya kaki imevimba mfukoni.
Gari nimeliosha hadi matundu ya rimu.
Plasta nimeibandua.
Hokororo alikuwa amefuta Alhamisi,
na dashibodi ilikuwa safi kama sahani ya mkwe.
Akazunguka. Akapiga tairi teke, kama wanavyopiga wote.
Akawasha, akasikiliza, akazima.
"Halina tatizo?"

"Hali..." nikasema,
neno likakatika katikati.
Sijui ni nini. Pengine jua.
Pengine kanga ile, inavyofungwa.
"Linalo," nikasema. "Litawasha taa Mnivata."
"Mnivata tu?"
"Mnivata. Ukishapita shule."

Alinitazama muda mrefu,
kama mtu anayetazama mshale sasa, si midomo.
Kisha akafungua bahasha, akahesabu,
laki tatu akazirudisha mfukoni.
"Hizi," akasema, "ni za Mnivata."

Likaondoka. Kwa nyuma lilionekana dogo,
dogo kuliko nilivyokuwa nikililipia.

Saa kumi kasoro simu ikaita.
Hakusalimu.
"Imewaka."
"Pole, bwana."
"Pole ya nini? Nilikuwa naingojea."
Nikasikia injini nyuma ya sauti yake,
ile ile, haina wasiwasi, inakwenda.

Nimekaa mlangoni.
Gundi ya plasta bado imenasa ukuchani,
naikwangua, hairuki.