Majivu Yanabisha Hodi

Wodi ya wanaume, Kitete, saa nane na robo usiku.
Baba amelala kwa ubavu. Mkono wake wa kulia
umesahau kwamba ni mkono.
Jana asubuhi ulishika kikombe,
kikombe kikaponyoka, naye akakitazama
kama abiria aliyeachwa anavyotazama behewa la mwisho.

Daktari Nkwabi alinichorea nyuma ya kadi:
mshipa huu, damu imeganda hapa.
Huku haifiki kabisa.
Na huku pembeni (akailaza kalamu, akapaka kivuli)
huku inafika, ila kidogo,
kama maji ya bomba kule Ng'ambo mwezi wa kumi:
hayajakatika,
lakini ndoo moja ni asubuhi nzima.

Nikauliza, hizo seli za kivulini zinaishije?
Akasema, zinanyamaza.

Mimi nauza mkaa Isevya, nikamwambia, niambie kwa lugha ya mkaa.
Akafikiri.
Akasema kila seli ina jiko lake, na kuni zake
zikishaungua huacha kitu kiitwacho adenosini.
Siku ya kawaida huwa chembe tu, huzolewa,
hurudishwa tena kuwa kuni.
Damu ikipungua, jiko linakula kuliko linavyolishwa,
na majivu yanafurika hadi mlangoni.

Nikacheka, mahali pasipochekwa.
Majivu nayajua mimi. Yako kwenye kucha zangu,
kwenye mikunjo ya khanga hii niliyokuja nayo mbio.
Sijawahi kuyasikia yakisema.

Haya yanasema.
Yanatoka nje yanabisha kwa jirani:
punguza.
Usipige kelele, usimwage ulichonacho,
leo hakuna mzigo unaokuja.
Na jirani, akiwa ana masikio, anapunguza.
Yanabisha pia kwenye kuta za mishipa midogo:
tanukeni kidogo, mpisheni huyo mwembamba anayepita.

Baba, haya si ulikuwa ukiyajua?
Miaka thelathini na mmoja pale njia inapogawanyika,
hii ya Kigoma, hii ya Mwanza.
Mwaka ule wa mvua, tuta lilipochukuliwa na maji,
ulisimama na taa nyekundu usiku kucha
na abiria wakikutukana kwa lugha zao zote;
mama mmoja alikutupia ganda la ndizi.
Ulirudi nyumbani umelowa mpaka soksi.
Ukasema, Wande, treni iliyosimama haijafa.

Daktari hakuniahidi kitu.
Alisema majivu hayo yana ndimi mbili,
yakikawia, ulimi wa pili huchochea uvimbe.
Alisema kunyamaza nako kuna saa zake.
Sikumuuliza ni saa ngapi.

Nina chupa ya kahawa kutoka kwa Nyamizi wa kantini.
Nesi wa zamu ameiona, akatabasamu:
hiyo nayo ni mwizi wa kiti, dada.
Uchovu wako wa tangu asubuhi ni adenosini hiyohiyo,
inakuja kichwani kukwambia lala,
inakuta kahawa imekalia kiti chake.

Basi ni kitu kimoja, baba.
Kinachobembeleza kope zangu
ndicho kinachozisihi seli zako kwenye kivuli
zisitapanye pumzi.
Ningeweza kukiacha kituchukue wote wawili,
wewe kitandani, mimi kwenye benchi la mbao.

Namimina. Ni chungu, imepoa.
Mmoja wetu akeshe.

Kutoka stesheni, honi ya treni ya mizigo,
mara mbili, halafu moja ndefu.
Nilikutazama usoni.
Hukugeuka.
Sikukuamsha.