Betri Kifuani

Bavyaa ameingia na theluji masharubuni,
tochi mkononi mwake imefifia kama jicho la mgonjwa.
Jina lake silitamki. Huku Naryn mkamwana hamtaji baba wa mumewe,
hata mbwa mwitu akiwa kizingitini.
Namwita "mwenye zizi", naye huitika.

Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Anafungua kitako cha tochi, anaichomoa betri,
nene kama kidole gumba, ganda lake la zambarau,
na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye chaja.

"Si sasa," nasema.
Nyumba nzima inanigeukia: mavyaa, paka, nadhani hata birika.

Nimweleze vipi mtu aliyechunga miaka arobaini
kwamba kipo kitu kisicholishwa kikiwa na baridi?
Mwanakondoo aliyeokotwa thelujini, nasema,
humpi maziwa papo hapo.
Unampasha kwanza, unatia kidole kinywani,
unangoja ulimi upate uvuguvugu,
la sivyo maziwa yatamuua tumboni.
Na hii vivyo hivyo. Ukiichaji ikiwa barafu,
lithiamu haiingii ndani ikatulia;
inabaki mlangoni, inaota sindano za chuma,
kimya,
na siku moja, labda mwezi wa nne, sote tumelala...

Simalizi. Anamjua Orozaly,
aliyetia betri mfukoni bila kasha, pamoja na funguo za trekta.
Funguo ziligusa ncha mbili, suruali ikashika moto,
na mpaka leo anatembea
kama aliyepanda farasi bila tandiko.

"Basi iweke jikoni," mavyaa anasema, "ipate moto upesi."
La, mama. Jiko nalo linaua, kwa upande wa pili.
Naichukua, naisukuma chini ya sweta,
na kwa muda mto mzima uliogandama
unalala juu ya ubavu wangu.

Ndipo mbwa wanapobweka.
Si kule kubweka kwa mbweha.

Bavyaa anatazama kifua changu, anakumbuka adabu, anatazama ukuta.
Rafuni kuna kasha la plastiki,
ndani yake betri ya pili, niliyoichaji jana mchana
paneli ilipokuwa ikikunywa jua,
juu ya sahani ya udongo, mbali na mazulia,
nami kando yake nikifuma soksi mpaka taa ikageuka kijani.
Sikuiacha hata kwenda kukamua.
Temirbek aliniambia kwa simu kutoka Yekaterinburg, alikokuwa akijenga maghala:
"Ikivimba, itupe. Ganda likichanika, usiitumie.
Usimwonee haya mtu yeyote."
Nilicheka wakati ule. Rahisi kusema, ukiwa Yekaterinburg.

Kasha lilikuwa na mfuniko mgumu.
Vidole vya bavyaa vilikuwa vimekufa ganzi.
Nilimfungulia mimi, nikaitia upande uliogeuka,
nikaitoa, nikaitia tena,
na taa ilipowaka, nyeupe hadi kwenye mabonde,
kondoo mmoja alikuwa ameshakwenda.
Yule mwenye doa sikioni. Damu yake ilionekana nyeusi.

Hakunilaumu. Hakunishukuru pia.
Alikunywa chai yake iliyotiwa chumvi, akalala ameupa jiko mgongo,
nami nikakaa macho, betri ya kwanza ikinitoka ubaridi polepole,
nikijiuliza kama kondoo mmoja ni bei ghali
kwa nyumba ambayo haijaungua.
Hesabu hiyo haina risiti. Nyumba haikuungua, basi.

Asubuhi alikuwa ametoka kabla yangu.
Karibu na chaja, ambayo haikuchomekwa,
nilikuta ile sahani ya udongo,
na juu yake soksi moja ya sufu, ya kiume, yenye tundu kisiginoni,
imefungwa fundo.
Nikaipapasa.
Ndani yake betri aliyorudi nayo alfajiri
ilikuwa bado ya baridi, inangoja.