Kutetemeka Si Kuteleza

Wateja wangu, hapa Barabara ya Kumi na Tisa,
huja na neno moja: linasumbua.
Nami kwa miaka kumi na minane
nilikuwa na jibu moja: giaboksi imekufa, tuishushe.

Bi Nyamvula alikuja na daftari la shule,
kalamu imefungwa kwa uzi.
Akakaa juu ya tairi, akafungua, akasoma
kwa sauti ileile ya zamu ya usiku pale Bombo:

"Saa kumi na mbili unusu asubuhi, injini baridi.
Naweka D. Nahesabu moja, mbili, ndipo linashika.
Likishapata moto halichelewi.

"Gia ya kwanza kwenda ya pili, laini.
Ya pili kwenda ya tatu, laini, hakuna teke.

"Kilomita sitini, njia ya Pongwe, tambarare, mguu mwepesi:
linatetemeka. Sekunde nne.
Kama mtoto anayeanza homa.
Nikikanyaga, linaacha. Nikilegeza, linarudia."

Nikamkatisha. Mama, linateleza hilo.
Akavua miwani.
"Kuteleza ni vipi?"

Na mimi, fundi Mdoe, mtoto wa fundi,
nikatafuta maneno kama mtu atafutaye nati nyasini.
Kuteleza… injini inalia, gari haliendi.
Sauti imepanda ngazi, miguu imebaki chini.

"Basi halitelezi. Linatetemeka.
Tumbo linalokata na tumbo linalochoma
sikuwahi kuyaandika kwenye cheti kimoja."

Tukaenda. Yeye usukani, mimi sikio.
Tukaipita Kange, tukayapisha malori ya saruji,
gia zikapokezana kama wauguzi wa zamu,
kila mmoja akimkabidhi mwenzake mgonjwa
bila kumwamsha.
Mshale ukagusa sitini.

Pale.
Chini ya kiti, mtetemo mdogo, wa ndani,
kama meno.
Klachi ya konvata ilitaka kufunga
na oili haikuiruhusu:
inashika, inaachia, inashika, inaachia.
Giaboksi ilikuwa nzima kuliko mimi.

Tuliporudi nikachomoa stiki, nikaifuta, nikaichovya tena, nikanusa.
Nyekundu. Haijaungua.
Ila nzito kidole kilipoisugua, nzito kama asubuhi zake za D,
wala si ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.
Nikauliza, na moyoni nilishajua naulizia nini:
nani alikutilia oili?

Akarudisha kurasa nyuma, bila haraka.
"Tarehe tisa Machi. Lita nne. Fundi Mdoe.
Aina ya oili: niliuliza, hakusema."

Dumu lile bado liko pale, nyuma ya mlango.
Oili ya jumla, nalimiminia kila gari
kama chai ya msibani, bila kuuliza nani hatumii sukari.

Nikamkumbuka Semhando wa Makorora na teksi yake.
Alisema linateleza, nikaamini neno,
nikaishusha giaboksi, wiki tatu, laki sita,
likaondoka hapa linatetemeka vilevile.
Sikumuuliza baridi au moto.
Sikumuuliza sekunde ngapi.
Aliliuza gari lile kwa bei ya vyuma.

Nikasema, mama, ni mimi.
Hakusema kitu. Alikuwa anaangalia saa.

Nilimwaga yangu kwenye beseni, nikatia yake,
nikaliendesha hadi Chumbageni, nikamwaga tena,
maana konvata hubakiza ya zamani tumboni.
Hela sikudai. Naye hakushukuru.
Aliegemea boneti, akaandika,
nami nikachungulia juu ya bega lake:

"Leo fundi ametaja jina la oili.
Kesho: Pongwe, sitini, mguu mwepesi."