Tunaanza na Kuchana

Kibanda bado kina kijani cha wale wa kamari,
na juu ya mlango herufi hazijafutika:
WEKA MKEKA WAKO HAPA.
Bi. Sikujua alizisoma mara mbili, akaangua kicheko,
akamwambia mwenye nyumba, Haya, nimeitikia wito.
Kodi nitakulipa kwa mikeka. Mmoja unazima miezi mingapi?

Jumamosi ya kwanza tulikuwa watatu.
Twilumba, muuguzi, macho mekundu ya zamu ya usiku;
mimi, na mkoba wangu sijui niuweke wapi;
na Shomvi, ambaye hakuja kujifunza kitu,
alichungulia tu akiuliza leo timu gani zinacheza.
"Timu hakuna. Kuna miyaa. Kaa.
Mkeka wako wa jana umeishia wapi?"
"Ulichanika, bibi."
"Basi umekuja penyewe. Huku tunaanza na kuchana."

Miyaa ilitoka Kisiju juu ya bodaboda,
imefungwa kwa mpira wa tairi, ikinukia moshi.
Tukaichana kwa kucha kwanza, kisu baadaye,
tukaichemsha na rangi ya unga katika sufuria
ambayo haitapikiwa tena wali.
Wiki nzima Twilumba alichoma sindano kwa vidole vya zambarau;
mgonjwa mmoja akamuuliza, Dada, anayeumwa ni wewe au mimi?

Ukili wa njia tisa. Vidole vyangu vinajua kuhesabu fedha
nyuma ya kioo cha wakala, elfu kumi kumi, bila kutazama,
ila kwenye njia ya sita vinapotea kama wageni Kariakoo.
Yeye hakufumulii. Anakurudishia mkononi:
fumua mwenyewe, ulipokosea unapajua.
Na ukili wa mtu haurukwi, hata ukiwa na haraka ya choo;
unazunguka, unasema hodi.
Na chane haingojwi iishe ndipo iungwe:
nyingine unaiingiza mapema,
ya kwanza ingali na urefu wa kidole,
ziende pamoja hatua mbili tatu,
kisha moja inajificha.

Sikuwaambia wenzangu kilichonileta.
Mama alisuka maisha yake yote, barazani, Charambe,
nami nikamnunulia zulia la plastiki lenye picha ya tausi
ili apumzike.
Siku alipopumzika kweli
tulizunguka mitaa minne kutafuta mkeka wa kumlaza.
Uliopatikana ulitoka kwa mwanamke nisiyemjua,
aliuleta begani, hakutaka chai,
hakutaka jina lake liandikwe kwenye daftari la rambirambi.
Nimekuja kuulipa. Yeye hajawahi kuutaja.

Masika yalipoanza wakamlaza Muhimbili kwa ajili ya jicho.
Jumamosi mbili kibanda kilivuja, tulikuwa kumi na mmoja,
na mwalimu hapana.
Tulikaa tukisikiliza bati.
Shomvi ndiye aliyeinuka, akatunga chane kwenye shazia,
akaanza kushona ukili wangu na wa Twilumba,
wangu mnene, wake mwembamba, akivuta na kusonya,
akisema "Haya" kwa sauti isiyo yake.

Amerudi leo na pamba jicho moja.
Mkeka hakuutazama. Aliinama, akaupitishia kiganja
pindo hadi pindo, polepole, kama anayetafuta homa.
Kikasimama.
"Hapa nani?"
"Mimi."
"Ulikuwa unawaza nini?"
Mvua ikapiga bati. Nikakosa pa kuanzia.
Kiganja kikakaa palepale.
"Hapa usifumue," akasema,
akanyoosha mkono apewe shazia.