Kufuli Tatu

Sanduku la chama chetu ni la bati,
kazi ya mafundi wa Kibuye, rangi ya kijani.
Lina kufuli tatu.
Ufunguo mmoja kwa Dorsila, mshona sare za shule,
mmoja kwa Rispa wa omena,
wa tatu ninao mimi, shingoni, kwa kamba ya kiatu.
Ndani: elfu kumi na nane, mia nne na hamsini,
na daftari lililolowa chai.

Mwezi wa nne mtoto wa Yunia alishikwa na homa usiku.
Dorsila alikuwa matangani Ugenya, na ufunguo wake.
Mume wa Yunia akaja na msumeno wa chuma.
Tulisimama mbele ya bati lile, watu wazima,
tukatukanana hadi Nyalenda nzima ikawasha taa.
Halikukatwa.
Tulifungua mafundo ya leso, tukachanga
pesa ya bodaboda na ya zahanati.
Mtoto alipona. Angeweza kufa.
Hilo sijalisahau,
na Yunia hanisalimu vizuri tangu siku hiyo.

Kaka yangu Adera, sajenti mstaafu, husema:
askari haulizwi kama vita vinafaa,
huulizwa kama bunduki ni safi.
Mwenye bunduki asiwe mwenye kauli.
Kauli wapewe raia, waliopigiwa kura,
wenye suti, wanaoweza kufukuzwa.
Namwitikia.
Hata mimi singetaka jenerali awe mweka hazina.

Lakini jana redio ilisema
huko mbali yuko rais
anayefuatwa na mkoba hata mlangoni pa msala,
na vita vikichacha hahitaji mwenzake.
Wakiitambua sauti kuwa ni yake, basi,
miji inaungua.
Ana dakika chache
kuliko za maji ya ugali kuchemka.

Nikamwambia Adera: amepigiwa kura, sawa.
Na akiwa na homa?
Akiwa ametukanwa mchana kutwa?
Akiwa amesikia vibaya?
Adera alizima redio,
akasema betri zinaisha.

Nimelala chali. Ufunguo umeniganda kifuani, baridi.
Elfu kumi na nane, wanawake watatu.
Namwaza yule bwana na kura zake zote.
Dorsila wake ni nani?
Nani wake yuko matangani, mbali,
na ufunguo mfukoni,
na bado hajapata gari la kurudi?