Yaliyomo

Kwanza legeza nyuzi, lakini usizitoe.
Zikilegea mno, kile kijiti kisimamacho tumboni mwa fidla
bila gundi, bila msumari, kwa kubanwa tu,
kitaanguka, na fidla itafika bubu.
Sisi Wahungari wa Reghin kijiti hicho twakiita roho.
Baba alikisimamisha kwa chuma kirefu kilichopinda,
jicho moja kalifumba, ulimi nje,
kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano.

Daraja nimelivika flana.
Chini ya ubao wa mpingo nimechomeka sponji,
shingo isije ikakatika kwa kishindo cha kwanza.
Uta na singa zake za mkia wa farasi
nimeulaza peke yake ndani ya bomba.

Kisha boksi ndani ya boksi,
baina yake plastiki ya viputo, unene wa vidole vinne.
Nikalitikisa. Kitu kikagonga.
Nikafungua, nikajaza, nikatikisa:
kikagonga tena.
Viputo vimekwisha, duka la Szilveszter limefungwa,
na posta yenyewe mwisho saa saba.

Basi nikavuta droo ya baba.
Soksi za sufu, jozi sita, rangi ya majivu,
visigino vimetiwa viraka na mkono wa mama,
zanuka vanishi, zanuka tumbaku.
Nikazisokota, nikazisokomeza pembeni.
Nikatikisa.
Kimya.

Posta, Doina akanisukumia fomu.
Yaliyomo: fidla moja.
Fundi: Bálint Kerekes.
Nikaongeza "marehemu"; akasema hilo halina nafasi yake.
Thamani: hapo kalamu ikasita, foleni ikakohoa.
Soksi sikuziandika.
Akalinyanyua boksi kwa mkono mmoja, akalibwaga
(sawa, hakulibwaga, alilitua kwa haraka)
juu ya toroli, kando ya tairi na katoni za jamu.
Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.

Usiku nikawa nafuata namba kwenye simu.
Cluj. Frankfurt. Halafu siku nne, hakuna.
"Kiko njiani," simu yasema,
kwa sauti ileile ya kasisi pale makaburini.

Mnunuzi ni Bwana Gu Taesik, wa Ulsan, Korea,
miaka arobaini akichomelea vyuma vya meli.
Sikio la kulia lilifia kiwandani, aliniandikia,
lakini fidla, bahati njema, hukaa kushoto.
Siku ya kumi na saba akaandika:
Imefika. Nimechungulia kwa tochi kama ulivyoniagiza.
Roho imesimama.

Nililia mbele ya jiko, maziwa yakafurika.

Baada ya mwezi Doina akaniita kwa dirisha.
Kifurushi kutoka Ulsan, chepesi.
Yaliyomo: soksi, jozi sita, zimevaliwa.
Nauli ya ndege ingenunua jozi ishirini mpya.
Na barua: Nadhani hizi ziliingia kwa bahati mbaya.
Kuna mtu huko miguu yake inapata baridi.
Mke wangu amezifua.

Amezifua, ndiyo. Amezikunja mbilimbili,
kila jozi na utepe wake.
Nikaziweka puani: maua.
Ya pili, maua. Ya tatu.
Ile ya mwisho nikaigeuza nje ndani,
nikatafuta chini ya kiraka, kwenye mshono,
mahali ambapo maji huchelewa kufika.
Maua.

Nikazivaa, maana sakafu ilikuwa baridi kweli,
nikakaa kwenye meza yake ya kazi, nikaandika:
Asante, Bwana Gu. Zimefika salama.
Mshukuru sana mama wa nyumbani kwako.
Ila ile fidla, nakuomba,
ndani yake usiifute vumbi.