Mnazi Usio na Jina

Muhogo wa kwanza ulinikatikia mchangani.
Mwatime akacheka: "Wavuta kama wang'oa jino.
Utikise kwanza. Ubembeleze."

Jomvu Kuu, saa tatu, jua lishakuwa kali,
na mimi na viatu vyangu vya mjini
nimebeba kikapu nyuma yake,
akinisomea shamba kama chuo:
"Huyu Shehe. Huyu Mwanakombo. Huyu babako,
ameinama vilevile, ona."
Kila mnazi na kitovu chini yake.

Babangu hakuwahi kunambia.

Mmoja tukaupita kimya.
Nikauliza.
"Mtoto hakufika arubaini.
Lakini madafu yake matamu, twayanywa."

Kisha akageuka, mkono kiunoni:
"Na chako wewe, kilizikwa wapi?"
Nikasema nilizaliwa hospitali, Makadara,
ghorofa ya pili.
Hakujibu neno. Akanitilia kikapuni,
juu ya muhogo wenye udongo,
nazi iliyomea.

Sasa iko Tudor, kwenye roshani,
ndani ya ndoo ya rangi.
Mwenye nyumba ameshauliza mara mbili ni ya nini.

Jana ndoo imepasuka.